Unataka TV mpya ya sebuleni? Kabla ya kuuliza kampuni, jibu kwanza utaingiza nini humo (uzi mrefu)

Mzee wa Kioo:

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache anatokea mtu humu anauliza, "TV gani nzuri kwa bajeti ya laki nane?" Majibu ni yale yale: chukua Hisense, achana na Hisense chukua TCL, Samsung ndiyo baba lao, LG ndiyo mama yao. Watu wanagombana kurasa tatu, uzi unakufa, na aliyeuliza haonekani tena. Mimi kazi yangu ni kufungua TV kwa nyuma, hapa Dar, kwa hiyo nakutana nazo zikiwa zimeshamaliza safari. Leo naandika kwa kirefu. Wa kuongeza aongeze, wa kupinga apinge, matusi tuyaache nje.

Swali la kwanza si kampuni wala inchi. Ni hili: hiyo TV utaiingizia nini?

Nyumba zetu nyingi TV inakula king'amuzi kuanzia asubuhi hadi usiku, na flashi ya muvi wikiendi. Sasa chaneli nyingi za king'amuzi zinarushwa kwa kile kiwango cha zamani, nukta 720 kwa 576 (nukta ni vile vidoti vidogo vinavyounda picha). Zidisha: 414,720. TV ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Gawa kubwa kwa ndogo, unapata 20 kamili. Kwa kila nukta moja iliyotoka kituoni, TV inatakiwa ibuni 19 za kwake. TV yenye prosesa ya maana inabuni kwa akili, ya bei chee inapaka tu. Ndiyo maana mtu anashusha inchi 55 ya 4K, anafungua taarifa ya habari, sura ya mtangazaji haina macho wala pua zilizokaa sawa. Kesho yake yuko dukani anadai kauziwa feki. TV haina kosa, inaonyesha kilichoingia.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa king'amuzi, inchi 43 ya Full HD, ile 1920 kwa 1080, inakutosha na kubaki. Siku hizi 43 nyingi zinakuja 4K tayari. Bei ikiwa ile ile, chukua. Ukiambiwa uongeze laki mbili kwa ajili ya hayo maandishi kwenye boksi, hiyo laki mbili nitakuambia pa kuipeleka huko mbele. Kwenye 32, angalia vizuri: nyingi zimeandikwa HD na ukweli wake ni 1366 kwa 768. Kwa chumbani si mbaya.

4K inakuwa na maana ukiwa na intaneti ya nyumbani isiyo na kipimo. Netflix wenyewe wanashauri kasi ya Mbps 15 kwa 4K na Mbps 5 kwa 1080, na 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa moja. Mwenye bando la simu asahau, muvi moja na bando limekwenda.

Inchi sasa. Zinapimwa mshazari, kona hadi kona, si upana. Inchi 43 ina upana wa kama sentimita 95, inchi 55 kama 122, inchi 65 kama 144. Pima shokesi yako kabla hujatoka nyumbani, na usipime upana wa juu tu: TV za sasa nyingi miguu yake imewekwa huku mwisho na huku mwisho, haina ule mguu mmoja wa katikati. Shokesi ya mita moja haibebi 55 hata uibembeleze.

Umbali wa kukaa, zidisha mshazari kwa moja na nusu hadi mbili na nusu. Kwa 43 unapata kama mita 1.6 hadi 2.7. Kwa 55 ni mita 2.1 hadi 3.5. Sebule ya kupanga ya futi 10 kwa 10 ni mita tatu ukuta kwa ukuta. Toa kochi, toa shokesi, unabaki na mita mbili na kitu. Hapo 55 yenye picha ya king'amuzi utahesabu chenga moja moja.

Habari ya QLED na OLED nitaipitia haraka. QLED bado ni kioo kile kile kinachowashwa na taa za nyuma, kimeongezewa tabaka la kunenepesha rangi. OLED kila nukta inajiwakia yenyewe, weusi wake ni weusi kweli, na bei yake unaijua. OLED kwa nyumba inayoacha chaneli moja ya habari siku nzima siishauri: ile nembo ya pembeni na mstari wa maandishi chini vinaweza kuacha kovu la kudumu.

Nitaendelea na mambo ya umeme na kukagua dukani. Karibuni.

---

Mkazi wa Goba:

Mkuu umeandika vizuri ila unatukatisha tamaa watu wa mpira. AFCON 2027 tumepewa sisi na Kenya na Uganda, mimi niiangalie kwenye 43? Mwaka huu nashusha 65, shemeji yenu akasirike asikasirike.

---

Mzee wa Kioo:

Goba, kama sebule yako ni kubwa, shusha. Mpira ndiyo sehemu pekee ambako king'amuzi kinakutendea haki, kwa sababu mechi kubwa zinapita kwenye chaneli za HD. Sharti moja: angalia waya. Naingia nyumba za watu nakuta TV ya milioni na nusu, king'amuzi cha HD, na kati yao wamechomeka ule waya wa vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano. Ule waya haubebi HD kabisa. Chomoa, weka waya wa HDMI, ule wa kichwa kimoja bapa, halafu ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080. Hakuna marekebisho ya bei rahisi kuliko hayo, na wapo waliotaka kununua TV mpya kumbe walihitaji waya.

Na usidanganywe na namba za mwendo. Boksi linaandikwa 120, 240, sijui 800. Hizo ni namba za matangazo. Uliza kioo chenyewe kinapiga Hz ngapi, yaani kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. TV nyingi za bei ya kati ni 60, na kwa matangazo ya kwetu 60 inatosha. Mpira ukiwa unaacha mkia, ingia kwenye mipangilio ya kulainisha mwendo, punguza au zima kabisa, uone.

---

Mama Wawili Mwanza:

Shikamoo fundi. Mimi nilinunua smart ya inchi 43 kwa bei nzuri tu, jina la kampuni silitaji. YouTube inafunguka, ila Netflix inagoma, na siku nyingine inaganda mpaka nichomoe ukutani. Dukani waliniambia ni Android. Tatizo ni intaneti yangu au?

---

Kamba Nyoofu:

Dada, hapo ngoja nijibu mimi maana nahangaika na haya mambo kila siku.

Android ziko mbili. Kuna Android TV, siku hizi inaitwa pia Google TV, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya runinga na imepitishwa na Google. Na kuna Android ile ya bure ambayo kiwanda kinaichukua, kinaivalisha sura ya TV na kuipandisha humo. Kwa macho zinafanana, zote zina vialama vya programu. Netflix hawaruhusu programu yao kwenye kifaa ambacho hakijapitishwa, au wanakupa picha duni. Na hizo TV mara nyingi zina memori ya GB 1, ukifungua vitu viwili inazimia.

Namna ya kuitambua iliyopitishwa ukiwa dukani: rimoti yake ina kitufe cha kuongea, na ukienda kwenye mipangilio unakuta sehemu ya kuingia kwa akaunti ya Google pamoja na Play Store kamili, si duka la programu lenye jina la ajabu. Samsung wana mfumo wao, Tizen, LG wana webOS, na Hisense nyingi zinakuja na VIDAA. Hizo si Android lakini Netflix na YouTube zinakaa vizuri.

Usiitupe TV yako. Nunua kijiti cha kuchomeka HDMI kilichopitishwa, smart ya ndani isahau. Mimi hata mtu anayenunua leo namwambia hivyo: nunua kioo, usinunue usmati. Kioo kitadumu, programu zake baada ya miaka michache zitaacha kupokea masasisho.

---

Mzee wa Kioo:

Marahaba, Mama Wawili. Kamba kamaliza, sina la kuongeza.

---

Bi Tumbatu:

Assalaam aleikum. Mie niko Unguja. Huku vitu vinatoka Dubai na bei zake mnazijua, watu wa bara wanakuja sokoni Darajani kila siku. Nawaambia tu mkinunua TV huku, jueni mkishuka bandarini Dar mnaweza kukutana na watu wa kodi wakitaka tofauti. Hesabu hiyo iingizeni kabla, si mnakuja kulia kwenye boti.

Jengine: ndugu yangu yuko Marekani ametaka kunipelekea TV kubwa. Niipokee?

---

Mzee wa Kioo:

Waaleikum salaam Bi Tumbatu. Mwambie ndugu yako akupigie picha kile kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, umeme wetu wa 230 itaupokea bila taabu. Kikiandikwa 120V peke yake, utahitaji transfoma, na siku mtoto akichomeka moja kwa moja ukutani mnaagana nayo. Halafu mashine yake ya kunasa matangazo ya antena ni ya mfumo wa kule, hapa haitashika kitu. Kwa king'amuzi na HDMI itafanya kazi. Za Japani nazo ni hivyo hivyo, umeme wao ni volti 100. Za Uingereza ndizo zinazoelewana na sisi, hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu.

Nikuambie na upande mwingine: gharama ya kusafirisha kioo cha inchi 65 kutoka Marekani, na hatari yake ya kuvunjika, mara nyingi inazidi faida. Aje na hela tu.

---

Jamaa wa Umoja:

Hamjambo majirani. Niko Nairobi. Huku mtu akienda Luthuli Avenue kitu cha kwanza anauliza kama TV ni ya digitali, yaani ina DVB-T2 ndani. Tangu wazime analojia mwaka wa 2015, ukiwa na hiyo TV na antena ya mia chache unashika stesheni za bure bila dekoda yoyote. Mimi sijalipia kifurushi muda mrefu. Sijaona mkiitaja, nyinyi mnaishi kwa ving'amuzi tu?

---

Mzee wa Kioo:

Karibu jirani. Sisi ndio tulitangulia kuzima, Dar es Salaam ilizimwa usiku wa 31 Desemba 2012, na tangu hapo watu wengi wamezoea king'amuzi. Lakini umenikumbusha jambo la maana. Wadau, nyuma ya TV angalieni kama imeandikwa T2 au T peke yake. T peke yake ni ya zamani, iacheni. Nyingine zina S2 pia, unachomeka waya wa dishi moja kwa moja na kupata chaneli za bure za setilaiti. Za kulipia bado zitataka king'amuzi chao. Na kabla hujatupa king'amuzi, ijaribu TV kwa antena mahali unapoishi, maana milima na maghorofa havisomi vipimo vya kwenye katalogi.

---

Mtu wa Uniti:

Mzee, na umeme? Mimi niko kwenye ile tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti. Nikiweka TV kubwa nitatoka humo?

---

Mzee wa Kioo:

Swali zuri kuliko yote ya leo. Soma wati kwenye kibandiko. Inchi 43 nyingi ziko kati ya wati 60 na 100. Inchi 55, kati ya 100 na 150. Chukua wati 100, iwashe saa tano kwa siku: nusu uniti. Mwezi mzima uniti 15. Nyumba yako ikiwa na friji dogo, taa na pasi ya mara moja moja, 15 hizo zinaweza kuwa ndizo zinazokusukuma kuvuka 75, na ukivuka unajua bei inavyoruka. Na nyumba nyingi TV inawaka saa kumi na mbili, si tano. Redio ya picha, hakuna anayeiangalia.

Tupo kwenye umeme, basi nimalizie. Kinacholeta TV nyingi mezani kwangu si kukatika kwa umeme, ni kurudi kwake. Ukirudi unaingia kwa kishindo, unapanda na kushuka, na sehemu ya ndani inayopokea umeme inalipuka. Ile laki mbili niliyokuambia usiipeleke kwenye maandishi ya 4K, sehemu yake nunua gadi ya TV, ile inayokata volti zikizidi au zikipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme tena. Soketi ndefu ya matundu sita yenye kitaa chekundu si gadi, hata muuzaji aape.

La pili ni taa za nyuma. Ndani ya kioo kuna vijiti vyenye taa ndogo zilizofuatana kwenye mstari mmoja wa umeme. Ikiungua moja, mstari mzima unaweza kuzima. Dalili: sauti ipo, picha hakuna. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Ukiona kivuli cha picha kinacheza, kioo ni kizima, taa ndizo zimekufa, na kubadilisha taa ni kazi ya kawaida kwa fundi anayejua kubeba kioo. Kioo kikipasuka ni habari nyingine, bei yake inakaribia TV mpya, na mimi humwambia mteja aiuze vipuri.

Taa zinaungua mapema kwa sababu TV zinatoka zikiwa zimewekwa mwanga wa juu kabisa, ule wa kuvutia wateja dukani. Siku ya kwanza tu, toka kwenye hali hiyo ya rangi kali, shusha mwanga wa nyuma mpaka karibu nusu. Siku mbili utaona giza, ya tatu macho yamezoea, na taa zitakushukuru kwa miaka.

---

Mkazi wa Goba:

Duh, yangu ya sasa ipo kwenye mia tangu 2021. Ngoja nikashushe.

---

Kijana wa Ilazo:

Fundi hujasema kampuni ipi. Unatuzungusha. Taja jina moja tu.

---

Mzee wa Kioo:

Sitaji moja, kwa sababu kampuni ile ile ina toleo la kutamba nalo na toleo la kukimbia. Nitakachokuambia ni kuhusu vipuri. Samsung, LG, Hisense, TCL na Sony ukiharibikiwa, vipuri vyake na watu waliowahi kuvifungua unawapata. Kuna majina ambayo yapo sokoni mwaka huu, mwaka kesho hayapo, na hata bodi yake hatujui tuifananishe na nini. Ukiichukua hiyo kwa sababu mfuko umeamua, sawa, si dhambi, chukua ukijua hivyo.

Na mwangalie aina ya kioo kuliko jina. Simama mbele ya TV, kisha sogea pembeni kabisa kama mgeni aliyekalia kiti cha mlangoni. Rangi zikififia na weusi kuwa kijivu, hicho ni kioo cha kuangaliwa kwa mbele: weusi wake mzuri usiku, lakini familia iliyotawanyika sebule nzima itaona vibaya. Kingine kinabaki sawa pembeni ila usiku weusi wake una ukungu. Chagua kulingana na mnavyokaa. Dirisha likiwa mkabala na TV, epuka kioo kinachong'aa, utajiangalia mwenyewe.

Nenda na flashi yako yenye video unayoijua, picha moja nyeupe tupu na moja nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta nukta zilizokufa na madoa. Kwenye nyeusi tafuta mwanga unaovuja pembeni. Wafungue boksi lile lile utakaloondoka nalo, si la maonyesho. Linganisha namba ya boksi na ya nyuma ya TV. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, kuna watu wameuziwa mbuzi kwenye gunia kwa herufi moja tu iliyobadilishwa. Dai risiti ya EFD, ile ya kuandikwa kwa mkono haitakusaidia siku ya waranti. Muuzaji akikuambia "bila risiti nakupunguzia", amekuuzia TV bila waranti, basi.

---

Mama Wawili Mwanza:

Na sauti fundi? Yangu inasikika kama inatoka chooni.

---

Kamba Nyoofu:

Zote zinasikika hivyo dada. Zimekuwa nyembamba, spika hazina pa kukaa, na zinatazama chini au nyuma. Chomeka sabufa yako. Ila kabla ya kununua TV angalia tundu za nyuma: nyingi mpya hazina tena lile la duara la spika za masikioni. Utakuta HDMI yenye maandishi ARC, ile inayotoa sauti, au tundu la sauti la kupitisha mwanga. Sabufa za zamani zinataka ile nyekundu na nyeupe, kwa hiyo utahitaji kiboksi kidogo cha kubadilisha. Bei yake ndogo. Bluetooth ni rahisi zaidi, lakini kwenye baadhi ya TV midomo na maneno vinaachana.

---

Kijana wa Ilazo:

Sawa nimeelewa, Jumamosi nashuka Dar, naingia Kariakoo na flashi mkononi. Nimeamua 43. Hivi nikishanunua, boda anaweza kunifikisha stendi ya Magufuli?

---

Mzee wa Kioo:

Boda hapana. Tafuta bajaji, boksi likae limesimama, wewe ukae nalo ulishike. TV haibebwi imelala hata kama iko kwenye boksi, kioo kinapinda katikati kila tuta. Kwenye basi usikubali iwekwe chini ya mizigo ya watu, bora ulipie siti ya pili. Ukifika nyumbani iache ipumzike kidogo kama ilikaa kwenye buti lenye joto, ndipo uwashe. Na ukiitundika ukutani mwambie fundi apige tofali lenyewe, asipige kwenye plasta, na bano, kile chuma cha kuishikilia TV, lifuate vipimo vya matundu ya nyuma ya TV, kwa 43 nyingi ni milimita 200 kwa 200.

---

Kijana wa Ilazo:

Siti ya pili?! Hiyo si ndiyo hela ya gadi.

---

Mtu wa Uniti:

Mwambie konda ni mtoto, atakupunguzia.